Madam wa Fizikia na Timu ya Majembe

Kuna watu hapa Gendabi wanasema Madam wa Fizikia alituharibu. Wanasema alichukua mabinti wa watu, akawavalisha bukta, akawakimbiza uwanjani, na masomo yakabaki darasani peke yake. Wakitaka mfano wananitaja mimi. "Si huyo hapo? Kamaliza kidato cha nne, Fizikia kapata F, sasa ana mtoto mgongoni." Wanasema hivyo nikiwa nasikia. Nimechoka kunyamaza, kwa hiyo naandika.

Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, hayo sitayaandika. Siyajui, na waliomuuliza hawakujibiwa. Mzee mmoja wa kanisani alimuuliza, "Mwalimu, wewe hasa ni wa wapi?" Akamjibu, "Wa kidato cha tatu B." Mzee akaondoka anatikisa kichwa. Sisi tulimwita Madam tu. Shule ilikuwa na walimu wengine wa kike, lakini mtu akisema Madam anakuja, hakuna aliyeuliza yupi. Watu walichomekea mashati.

Kwanza ieleweke kwamba mpira wenyewe hakuupenda. Siku hizi nasikia wengine wanamsifu kama mpenda michezo, nacheka. Hakuweza kupiga mpira. Akijaribu, buti lake la mvua lilikwenda mbali kuliko mpira. Redio ya jiko la shule ikitangaza mechi za timu kubwa za Dar, aliingia akaizima na kuuliza kama maharage yamechambuliwa. Timu ya wasichana alipewa kwenye kikao ambacho hakuhudhuria, kwa sababu alikuwa maabara anaosha vyombo. Shuleni kazi zinagawiwa hivyo, asiyekuwepo ndiye anapewa. Alipotokea, mkuu wa shule akamwambia, "Mwalimu, wewe ni mpira, wasichana."

"Wanafanya mazoezi saa ngapi?"

"Hata wasipofanya."

Hilo la hata wasipofanya ndilo lilimkera. Alituhadithia mwenyewe baadaye, akiwa ameshika filimbi aliyoifunga kwa kamba ya kiatu. "Sikujua kona ni nini," alisema. "Lakini nikaona mmepewa kitu ili msikifanye. Hapo nikakasirika."

Basi akakasirika miaka yote niliyokuwa pale. Alisoma sheria za mpira kama mtu anayeandaa somo. Marefa walimwogopa, maana aliweza kuwatajia sheria huku yeye mwenyewe hajawahi kurusha mpira hata mmoja.

Uwanja wetu ulikuwa mteremko. Juu kuna jiko la shule, chini kuna shamba la alizeti la jirani. Mpira ukitoka kwa chini tulikwenda kuutafuta kama mbuzi aliyepotea. Shule nyingine zikija zililalamika. Madam hakulalamika, alitufundishia mada ya mwendo palepale. Mko kwenye joto la mazoezi, anapuliza filimbi, wote mnasimama. "Winga, huo mpira unazidi kwenda kasi kwa nini?"

Winga ndiye mimi. Nikamjibu, "Kwa sababu nimeupiga, Madam."

"Umeshaacha kuupiga. Mbona bado unaongeza? Ufuate, ukafikirie."

Nikaufuata mpaka kwenye alizeti. Niko huko ndani, majani yananikwaruza, nikaelewa. Sikuambiwa na mtu. Nilirudi mbio napiga kelele jibu, na timu nzima ikacheka, yeye akaandika kitu hewani kwa kidole kama anaweka vema. Nimekaa kwenye madarasa mengi. Sijawahi tena kuelewa kitu kwa mwili mzima namna ile.

Wakati wa mapumziko ya mechi, timu nyingine zilikula machungwa na kufokewa na makocha. Sisi tulikula machungwa na kuulizwa maswali ya mitihani iliyopita. Refa mmoja alitukuta tumeinamisha vichwa kwenye duara, akasubiri kwa heshima, kisha akauliza, "Mmemaliza kusali?"

"Tunasahihisha," Madam akamjibu. "Tupe dakika."

Usidhani alikuwa mpole. Alikuwa na ulimi mbaya. Wapole aliwafokea zaidi, na hilo mpaka leo naliona si haki. Alikataza kulia uwanjani, halafu karatasi zikirudi na alama mbovu, macho mekundu yalikuwa yake. Alituambia uongo ni sumu, na mimi nimemsikia akimwambia mzazi kwamba jezi ni sare ya somo la Biolojia. Mechi moja kubwa ya wilaya alimweka nje mshambuliaji wetu bora kwa sababu hakukusanya kazi ya maabara. Tulimbembeleza. Mshambuliaji mwenyewe alipiga magoti. Hakubadilika, tukafungwa. Kwenye lori la kurudi hakuna aliyeimba. Tulipofika, akashuka mbele kwa dereva, akatusimamia mmoja mmoja tukiruka chini, akasema, "Nilikuwa sahihi, na imeniuma. Msiseme hainiumi." Siku ile nilimchukia sana. Kesho yake mshambuliaji alikuwa wa kwanza kukusanya daftari.

Lakini yote hayo ni pembeni. Kilichonifanya nimshangae mpaka leo ni alivyowaza kuhusu muda.

Watu wote wa huku wanajua jibu moja. Mwanafunzi akifeli na anacheza, ni mpira. Hawatafuti zaidi. Madam siku ya kwanza alitukalisha kwenye nyasi, hakuuliza nani anacheza namba ngapi. Aliuliza, "Ukitoka hapa mpaka unalala, unafanya nini?" Tukaanza kusema. Kuteka maji. Kuni. Kukamua. Kusaga. Kubeba mdogo wangu. Kupalilia. Kuteka maji tena, kwa sababu ya kwanza yamekwisha. Alisikiliza wote bila kukatisha, na yeye alipenda kukatisha watu. Mwisho akasema, "Kwa hiyo wanaosema mpira unakula masomo ni waongo. Vyote viwili vinaliwa na ndoo."

Kuanzia hapo, ukimwambia huna muda alikasirika kweli. "Usiniambie huna muda. Kila mtu anao. Niambie wa kwako uko kwa nani, tukauchukue."

Na alikwenda kuuchukua.

Mimi Baba alinikalisha chini baada ya ripoti moja mbaya. Baba yangu si mtu wa kelele. Alisema, "Chagua kimoja, mpira au kitabu," akaendelea kunoa panga. Nilimwambia Madam nikijua atapeleka barua au atamwita shuleni. Jumamosi asubuhi niko nyumbani nafagia, nikaona timu nzima inapanda njia yetu, kila mmoja na jembe begani, Madam mbele na mabuti yake.

Huku kwetu kulima kwa kusaidiana ni jambo la zamani. Jirani akija na jembe humfukuzi, na akimaliza humwachi aondoke na njaa, na deni la jasho lake unalijua moyoni hata asipolitaja. Madam hilo aliliona, akaligeuza kuwa mbinu ya timu. Sijui kocha mwingine aliyewahi kuwaza hivyo.

"Habari za hapa, baba," alisema.

"Nzuri, mwalimu. Mbona majembe?"

"Tumekuja kulima."

"Sijaita watu."

"Ndiyo. Tumejiita. Tumesikia maharage yako yana magugu, na anayepalilia jioni ni winga wangu."

Mama hakusubiri wamalize mabishano. Alishakwenda kubandika makande. Wasichana wakaingia shambani kwa mstari, kama wanavyokaa kwenye kona, wanataniana, wanarushiana vumbi. Shamba lililokuwa linakula jioni zangu zote lilikwisha kabla jua halijawa kali. Baba alisimama pembeni, jembe lake mkononi, hana pa kuliweka.

"Sasa mwalimu, mimi nikupe nini?"

"Jioni zake. Moja ya mpira, inayofuata ya kitabu, hivyo hivyo."

"Nilimwambia achague."

"Nimesikia. Na wewe hapa ulipanda mahindi na maharage pamoja. Nani alikwambia uchague?"

Baba akaangalia shamba lake kama ameonyeshwa la mtu mwingine. Halafu akacheka. Baba yangu anacheka mara chache, na akicheka anafunika mdomo. Akasema, "Mwalimu, wewe ni mtu mbaya." Kuanzia siku hiyo hakunitajia tena kuchagua.

Tulizunguka hivyo nyumba kwa nyumba, na Madam akajiona anajua kila kitu. Ndipo tukaenda kijiji cha Gehandu, kwa golikipa wetu.

Golikipa alikuwa wa familia ya wafugaji, mrefu, mikono yake mirefu kama ya watu wawili. Baba yake alisema muhula ukiisha harudi shule, kwa sababu ng'ombe wanahitaji mtu. Madam akasema, hiyo ni kazi ndogo, chukueni majembe. Golikipa alijaribu kusema kitu, Madam akamwambia anyamaze, ataona. Tukaenda, kundi zima la wasichana na majembe mabegani, kimya kwa sababu ya uchovu wa njia, mpaka mlangoni kwa wale watu.

Wanawake wa pale wakatoka wameshika vichwa. Mzee, baba yake golikipa, akasimama na fimbo yake, akatuangalia, akauliza taratibu, "Nani amekufa?"

Hatukuelewa. Akauliza tena. Golikipa alikuwa amefunika uso kwa kanga. Kwao pale hakuna shamba. Watu wengi wakija kwako na majembe, kimya, wamekuja kuchimba kaburi.

Madam akamtazama golikipa, kisha akamgeukia mzee. Akasema, "Shikamoo mzee. Tumekuja kulima."

"Marahaba. Mlime nini? Ng'ombe?"

Mwanamke mmoja akaanza kucheka, wengine wakafuata, na mzee naye mwisho akashindwa kujizuia. Aliposikia tulichokuja kutafuta, akampa Madam fimbo. "Kama mnataka kufanya kazi ya huyu binti, kazi yake ile pale, inakunywa maji bondeni."

Hapo ndipo tulipojua Madam anaogopa ng'ombe. Si kidogo. Ndama akimsogelea alisimama nyuma ya beki wetu. Lakini fimbo aliishika, na tukaswaga. Golikipa peke yake ndiye aliyejua anachofanya, sisi wengine watoto wa wakulima tulikuwa tunawapigia makofi ng'ombe kana kwamba wamefunga goli. Ndama wakaingia kwenye mahindi ya jirani. Jirani akaja mbio na panga, mzee akaja na fimbo, na ugomvi wa hawa wawili ulikuwa wa siku nyingi. Mimi nilidhani leo kweli majembe yatachimba kaburi.

Madam akaenda kusimama katikati. Nyuma yake kulikuwa na ng'ombe karibu kabisa, na hakugeuka.

"Kosa ni langu," alisema. "Mimi ndiye mchungaji wa leo."

Jirani akamwangalia mabuti. "Mwalimu nawe umeanza kuchunga?"

"Vibaya, kama unavyoona. Mistari iliyokanyagwa ni hii? Tuna majembe."

Tukarudishia udongo kwenye mashina yaliyolala, mstari kwa mstari, na palipoharibika kabisa tukalima upya ili apande kitu kingine. Mzee alikaa kwenye jiwe anatuangalia. Jirani naye akaja kukaa, si karibu sana. Tulipomaliza, tukapewa maziwa ya mgando, na jirani akapewa pia. Mzee akasema, "Mama yenu huyu anaogopa ndama, lakini haogopi wanaume wenye silaha. Sijui ameumbwaje." Kijana wa kiume wa ndugu yake akaitwa kuchunga, na golikipa akarudi shule.

Mzee alikuja kutazama mechi moja. Alisimama nyuma ya goli letu mchezo mzima, fimbo mabegani. Tulipofungwa, akawageukia mabeki. "Mnamwachia mtoto wangu zizi wazi, nyinyi mnakwenda wapi?" Mpaka leo mabeki wetu wakikutana wanaulizana hivyo.

Sasa turudi kwa hao wanaosema tuliharibiwa. Golikipa yuko chuo cha ualimu, anasomea Hisabati. Huyo hawamtaji. Mshambuliaji aliyewekwa nje ana duka la dawa za mifugo, na hesabu zake hazimpotei. Huyo pia hawamtaji. Mimi kidato cha nne niliingia bweni la wanaojiandaa na mtihani, lakini Mama akaugua, nikarudi kulala nyumbani, na ndoo ikarudi kwangu yote. Madam wakati huo alishahamishiwa shule nyingine. Nilifaulu masomo mengine, Fizikia ikanishinda, na bila Fizikia uuguzi huingii. Darasani kwetu kuna wengi waliopata chini yangu na hawajawahi kugusa mpira. Wao waliharibiwa na nani? Hakuna anayeuliza. Msichana akikaa kimya akafeli ni bahati mbaya, akikimbia akafeli ni mpira.

Baadaye nikapata mtoto. Nikaanza kucheza tena, timu ya wanawake ya Katesh, na nikajiandikisha kurudia Fizikia, na Kemia pia ili nipandishe alama. Watu wakaanza upya, na safari hii walikuwa na vitu vitatu vya kunichagulisha. Mtoto, mpira, kitabu. Shangazi, majirani, hadi dereva wa bodaboda. Wiki moja kabla ya mtihani nilishindwa. Nilimpigia kocha nikamwambia aandike mtu mwingine namba yangu. Nilisema kwa sauti kavu, na nikakata simu kabla hajajibu.

Mtihani niliufanyia Haydom. Nilifikia kwa binamu yangu anayefanya usafi hospitalini, tukakubaliana atashika mtoto. Asubuhi ya Fizikia akapigiwa simu aingie zamu ya mwenzake anayeumwa. Alilia, nikamwambia aende, kazi ni kazi. Nikamfunga mtoto mgongoni nikatoka. Sikuwa na mpango. Nilikuwa na hasira tu, natembea nayo haraka.

Njia inapita mbele ya hospitali, mahali wagonjwa wanaposhuka kwenye mabasi. Kwenye benchi, mguu mmoja umenyooshwa, fimbo pembeni, alikuwa amekaa Madam. Alikuwa amezeeka. Mabuti ya mvua hakuyavaa, macho yalikuwa yaleyale.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba, winga." Hakuhitaji kufikiri. "Unakimbilia wapi na mtoto?"

"Mtihani. Narudia Fizikia."

"Na yeye anakwenda kufanya nini?"

"Sina wa kumwachia."

"Baba yake?"

"Yuko Arusha, anatuma salamu."

"Salamu hazibebi mtoto. Lete."

"Madam, uko kwenye foleni."

"Foleni ni ya mguu. Umeuma mwaka mzima, utauma na leo. Lete, na simu pia, huko hawaruhusu."

Hakuwahi kuwa na mtoto, na hilo lilionekana. Alimpokea kwa mikono miwili iliyonyooshwa, kama chupa ya tindikali. Mtoto akamwangalia, akajiandaa kulia.

"Analia sana akiachwa," nikasema.

"Hata mimi. Nenda."

Nikaenda. Mtihani wenyewe sitauzungumzia, matokeo hayajatoka. Nitasema tu kwamba niliandika mpaka mwisho.

Nilipotoka nilimkuta nje ya geti la shule ya mtihani. Alitembea na mguu ule na mtoto yule mpaka pale, ili nisimtafute. Amekaa juu ya jiwe, mwanangu amelala mapajani, na mguu mbovu umekunjwa vibaya kwa sababu aliogopa kuunyoosha asije akamwamsha. Ulikuwa umevimba juu ya kiatu. Hakuniuliza mtihani umekuwaje.

"Unacheza?" aliuliza.

"Niliacha, Madam. Juzi juzi. Imenishinda, siwezi vyote."

Nilisubiri kufokewa. Akamwangalia mtoto kwanza.

"Nimekaa naye asubuhi moja," alisema. "Sijawahi kuchoka hivi, na nyinyi nimewachunga miaka. Nilipokuwa nawauliza muda wenu uko kwa nani, kumbe sikujua swali lenyewe." Akanipa simu yangu. "Mpigie kocha."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba mtoto atakuja uwanjani, atakaa na wachezaji wa akiba. Wana mikono na hawana kazi."

Nikapiga. Kocha akasema, "Wewe si ulinikatia simu?" Nikamweleza. Akauliza ni nani aliyewaza jambo hilo, nikamwambia Madam wa Fizikia. Akauliza, "Yuko hapo hapo?" Nikasema yuko. "Haya, njoo Jumamosi. Na nepi ulete mwenyewe."

Madam alishindwa kusimama. Nilimfunga mtoto mgongoni, nikainama, akanishika bega, tukaenda hivyo taratibu hadi hospitali. Zamu ya wagonjwa wa miguu ilikuwa imeshakwisha. Nesi alimwambia kwa upole, "Bibi, pole sana, itabidi urudi kesho."

Nilifungua mdomo kumwomba msamaha. Yeye alikuwa ameshanigeukia.

"Kesho una somo gani?"

"Kemia, Madam."

"Vizuri. Kesho nitakuwa hapa hata hivyo. Mlete mapema, kabla hajashiba usingizi, na uniambie anakula nini, maana leo nimempa ndizi na hakuitaka."